Butuan: Mji Uliokuwapo Kabla ya "Kugunduliwa"

Mwaka 2021 Jamhuri ya Ufilipino iliadhimisha miaka 500 tangu merikebu za Ferdinand Magellan zilipofika katika visiwa vyake. Magellan alikuwa Mreno aliyemtumikia mfalme wa Hispania. Jina lake halipo mbali na historia ya Afrika ya Mashariki, kwani alianza utumishi wake wa baharini mwaka 1505 katika msafara wa Francisco de Almeida, ule ule ulioiteka nyara Kilwa na kuichoma Mombasa. Miaka 16 baadaye alitokea upande wa pili wa dunia, na vitabu vya shule vikaandika kwamba katika mwaka huo wa 1521 Ufilipino "iligunduliwa".

Neno hilo si geni masikioni mwa watu wa Afrika. Maziwa, mito na milima ya bara hili nayo ilisemekana imegunduliwa, ilhali watu walikuwa wakiishi kando yake, wakivua, wakilima na kuzikana hapo hapo tangu zama za mababu. Ndiyo sababu maadhimisho ya Ufilipino yalifufua swali ambalo kila nchi iliyotawaliwa hukutana nalo mapema au baadaye: historia ya taifa inaanzia wapi? Inaanzia siku mgeni aliposhuka pwani na kalamu yake, au inaanzia kwa watu aliowakuta wamesimama pwani hiyo wakimtazama?

Serikali ya Ufilipino yenyewe ilijibu kwa kuyaelekeza maadhimisho hayo katika ushindi wa Mactan, ambapo tarehe 27 Aprili 1521 watu wa Lapulapu walimwua Magellan na kuwarudisha askari wake majini. Lakini upo mji mmoja wa mkoani, mbali na Manila, ambao unaweza kulijibu swali hilo kwa ushahidi ulio mkongwe zaidi kuliko vita vya Mactan. Mji huo unaitwa Butuan.

Butuan umo katika kisiwa cha Mindanao, kilicho cha pili kwa ukubwa kati ya visiwa zaidi ya 7,000 vya nchi hiyo. Uko upande wa kaskazini-mashariki wa kisiwa hicho, yapata kilomita 800 kusini-mashariki ya Manila, karibu na mahali ambapo mto Agusan unaingia baharini. Mto huo una urefu wa kilomita zipatazo 350, na ni mito miwili tu ya Ufilipino inayoupita. Huanzia katika milima ya kusini, hupita katika kinamasi kikubwa kilicho katikati ya bonde, kisha huteremka polepole hadi katika ghuba ya Butuan. Katika nchi ambayo msitu mnene ulizuia njia za nchi kavu, mto wa namna hiyo ulikuwa ndio barabara kuu. Aliyeushika mdomo wa mto alikuwa ameushika mlango wa bonde zima, pamoja na dhahabu ya milimani na mazao ya msituni yaliyoteremshwa kwa mitumbwi.

Kwa sensa ya mwaka 2020 Butuan ulikuwa na watu 372,910. Ulipewa hadhi ya jiji mwaka 1950, na sasa ndio kitovu cha utawala wa jimbo la Caraga lililoundwa mwaka 1995. Wakazi wake walio wengi ni Wakristo wa madhehebu ya Katoliki. Lugha inayosikika zaidi sokoni ni Kisebuano, kilichoenezwa na wahamiaji kutoka visiwa vya kati, na Kibutuanon, lugha ya asili ya mahali hapo, kimebaki kwa watu wachache. Juu mtoni na milimani wanaishi Wamanobo na Wahigaonon, ambao ni wenyeji wa misitu hiyo tangu kale. Mgeni anayepita Butuan ataona mji kama miji mingi ya mikoani katika nchi za joto: soko lenye mchele, ndizi na nazi, pikipiki za abiria za magurudumu matatu, viwanda vya mbao na daraja juu ya mto wenye maji ya rangi ya udongo. Hakuna jengo linalomwambia kwamba amesimama mahali palipopeleka mabalozi China miaka elfu moja iliyopita.

Kwa muda mrefu hata wenyeji wenyewe hawakuutafutia mji wao sifa hiyo. Sifa waliyoipigania ilikuwa nyingine. Tarehe 31 Machi 1521, siku ya Pasaka, kasisi wa msafara wa Magellan aliongoza misa ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza nchini humo. Antonio Pigafetta, Mwitalia aliyeandika habari za safari hiyo, alipataja mahali pa misa hiyo kwa jina la Mazaua. Kwa karne nyingi ilisadikiwa kwamba mahali hapo palikuwa Butuan, na mwaka 1872 mnara wa ukumbusho ulisimamishwa karibu na mdomo wa mto Agusan. Lakini baada ya hati ya Pigafetta kuchapishwa mwaka 1894, wasomi waliyapima upya maelezo yake ya safari, na wengi wakakubaliana kwamba Mazaua ni kisiwa kidogo cha Limasawa, kusini ya Leyte. Sheria ya mwaka 1960 ikakitambua kisiwa hicho rasmi.

Butuan haukukubali. Rufani zilipelekwa, vitabu vikaandikwa, na tume za wataalamu zikaundwa mara kwa mara kulisikiliza shauri hilo. Mwaka 1998 uamuzi ulikuwa Limasawa. Mwaka 2020, maadhimisho yakiwa yamekaribia, uamuzi ulikuwa tena Limasawa. Mtu aliye mbali na ugomvi huo hashangai kwamba Butuan ulishindwa. Linaloshangaza ni kwamba mji huo ulitumia nguvu nyingi kiasi hicho kudai heshima ya kuwa mahali ambapo mgeni alipiga magoti kwanza, wakati chini ya udongo wake ilikuwapo heshima kubwa zaidi, ambayo haikuletwa na mgeni yeyote.

Heshima hiyo ilitoka ardhini mwaka 1976, tena kwa njia isiyo ya heshima. Katika kitongoji cha Libertad, watu waliokuwa wakichimba kwa siri kutafuta dhahabu na vyombo vya kale vya kuuza walikuta mbao ndefu zilizozama katika udongo wenye maji. Mbao hazikuwa walichokitafuta. Wataalamu wa Makumbusho ya Taifa walipofika walitambua kwamba zilikuwa mbao za jahazi. Uchimbaji wa kitaalamu ulipoendelea katika miaka iliyofuata, jahazi moja likafuatwa na jingine, hata yakatambuliwa mabaki ya vyombo visivyopungua tisa. Viliokolewa na tope la mto. Mahali ambapo hewa haifiki, wadudu na ukungu haviwezi kuula mti, na mbao hudumu karne kwa karne.

Wafilipino huviita vyombo hivyo balangay. Vile vilivyofukuliwa vina urefu wa mita zipatazo 15, na namna vilivyoundwa yastahili kuelezwa, kwani mtu wa pwani ya Afrika ya Mashariki ataifahamu mara moja. Fundi hakuanza kwa kusimamisha mataruma na kuyapigilia mbao juu yake. Alianza kwa kulaza mkuku, akapandisha mbao moja juu ya nyingine, akiziunganisha kingo kwa kingo kwa vijiti vya mti mgumu vilivyoingizwa katika matundu. Upande wa ndani wa kila ubao aliacha vifundo, akavitoboa, na humo akapitisha kamba za nyuzi nyeusi za mti wa jamii ya mnazi kuufunga ubavu wa chombo pamoja na mataruma. Msumari wa chuma haukutumika. Hivyo ndivyo, kwa tofauti za hapa na pale, mtepe wa Lamu ulivyoundwa: mbao kwanza, mataruma baadaye, na kamba za makumbi ya nazi mahali pa msumari. Hata mti uliosifiwa kwa kazi hiyo huko Ufilipino, uitwao dungon, unaota pia katika mikoko ya Afrika ya Mashariki, ambako mabaharia huujua kwa jina la msikundazi.

Kuhusu umri wa majahazi hayo, lipo jambo linalopaswa kusemwa wazi. Vipimo vya kwanza vya kaboni, vilivyofanywa baada ya ugunduzi, viliweka chombo kimoja katika mwaka 320, na tarakimu hiyo ilienea upesi katika vitabu na katika hotuba. Vipimo vipya, vilivyofanywa kwa njia bora zaidi, vimeyaweka majahazi hayo kati ya mwisho wa karne ya 7 na mwisho wa karne ya 10. Huenda wako walioona uchungu kupoteza karne tatu za fahari. Lakini taifa linalotaka kujijua halina haja ya kutia chumvi. Jahazi la mwaka 700 au 900 linatosha kabisa, kwani lilikwisha kufukiwa na tope karne kadhaa kabla ya Magellan kuzaliwa.

Tena majahazi hayo hayasimami peke yake. Yapo maandishi yanayoungana nayo, na maandishi hayo hayakutoka kwa Wazungu. Kumbukumbu za utawala wa ukoo wa Song nchini China zinasema kwamba tarehe 17 Machi mwaka 1001 walifika katika makao ya mfalme wajumbe kutoka nchi iitwayo Puduan, nchi ambayo wanahistoria wengi wanaitambua kuwa ndiyo Butuan. Waandishi wa China waliieleza kuwa nchi ndogo iliyo baharini, mashariki ya Champa, dola ambayo ilikuwa katika sehemu ya Vietnam ya leo. Walisema pia kwamba watu wake walikuwa na mawasiliano ya kawaida na Champa, lakini na China mara chache tu. Wajumbe wengine walifika mwaka 1003, na mfalme aliyewatuma ametajwa kwa jina la Kiling.

Mwaka 1007 mfalme huyo alipeleka ombi linaloonyesha wazi kwamba wajumbe wake hawakuwa watu wa kubahatisha. Aliomba Butuan ipewe bendera na alama za heshima zilizo sawa na zile za Champa. Katika itifaki ya China ya wakati huo, daraja la nchi ndilo lililoamua wajumbe wake wangepokewa namna gani, na kwa mfanyabiashara tofauti hiyo haikuwa jambo dogo. China ilikataa. Jibu lilikuwa kwamba Butuan iko chini ya Champa. Mwaka 1011 mfalme mwingine, ambaye kumbukumbu hizo zinamtaja kama Sri Bata Shaja, alituma mjumbe wa kuwasilisha barua iliyochorwa juu ya bamba la dhahabu, pamoja na kafuri nyeupe, karafuu za visiwa vya Maluku, na mtumwa mmoja.

Zawadi hizo zinaeleza mengi. Karafuu wakati huo ilistawi katika visiwa vya Maluku peke yake, na mbegu ya karafuu ya Unguja na Pemba nayo asili yake ni huko. Kwa hiyo majahazi ya Butuan yalikuwa katika njia ya biashara iliyotoka Maluku upande wa kusini hadi Champa na China upande wa kaskazini-magharibi, na mfalme wake alikuwa na dhahabu ya kutosha kuiandikia barua. Lakini katika zawadi hizo alikuwamo pia binadamu. Habari hiyo haifai kufichwa. Dola za kale, za Asia kama za Afrika, zilikuwa na wakubwa na wadogo, mabwana na watwana, na sifa ya mfalme haikumfikia kila aliyevuta kasia. Kusema kwamba historia ilikuwapo kabla ya mkoloni si kusema kwamba historia hiyo haikuwa na dhuluma.

Udongo wa Butuan umetoa ushahidi mwingine tena. Umepatikana muhuri wa pembe wenye maandishi ya Kikawi, hati ya kale iliyotumika Java, na maandishi hayo yanasomeka "Butban", yaani jina la mji wenyewe. Muhuri ni chombo cha ofisi. Mtu hachongi muhuri kama hana barua ya kuthibitisha au mzigo wa kutia alama. Zimepatikana pia zana za wafua dhahabu na vyungu vya kuyeyushia, jambo linaloonyesha kwamba dhahabu haikupita hapo tu bali ilifuliwa hapo. Vimepatikana vyombo vya kauri vya China na vya Champa. Na vimepatikana vigae vya mitungi ya Uajemi yenye rangi ya buluu iliyochanganyika na kijani, mitungi ya aina ile ile ambayo vigae vyake vimefukuliwa Manda, Shanga na Unguja Ukuu.

Msikilizaji anaweza kuuliza: je, mabaharia wa Butuan walifika Lamu? Vigae hivyo havithibitishi hilo. Vinathibitisha jambo jingine, nalo ni kwamba katika karne ya 9 na ya 10 pwani ya Waswahili na pwani ya Mindanao zilikuwa ncha mbili za soko moja. Bidhaa zilipita kutoka mkono hadi mkono na kutoka bandari hadi bandari, zikifuata pepo za msimu, bila kusubiri ramani ya Ulaya. Waliokuja baadaye wakijiita wagunduzi walizikuta njia hizo zimekwisha kukanyagwa.

Pigafetta mwenyewe ni shahidi wa jambo hilo. Mwaka 1521 alionana na mfalme wa Butuan, aliyekuwa amekuja kumtembelea mwenzake wa Mazaua, na maelezo yake si ya mtu aliyekutana na mshenzi. Anamtaja kuwa mtu mzuri wa sura kuliko wote waliowaona katika visiwa vile, mwenye nywele nyeusi zilizofika mabegani, vipuli vikubwa vya dhahabu masikioni, na jambia lenye mpini wa dhahabu. Aliandika kwamba katika nchi ya mfalme huyo vipande vya dhahabu vikubwa kama mayai vilipatikana kwa kuchekecha udongo. Wakati huo Butuan haikuwa tena na nguvu ya miaka ya 1000, na Cebu ilikuwa imekwisha kuwa bandari kubwa zaidi. Hata hivyo utajiri na adabu za ufalme vilikuwa bado vikionekana.

Ukoloni ndio uliomaliza kazi. Wahispania walijenga makazi yao Cebu mwaka 1565, na mwaka 1571 wakaufanya mji wa Manila kuwa makao makuu. Biashara na China ilivutwa Manila, ambako hariri na kauri zilipakiwa katika merikebu kubwa zilizovuka bahari ya Pasifiki hadi Acapulco, nchini Mexico. Mji uliokuwa umepeleka mabalozi wake kwa mfalme wa China ukawa kituo cha mbali cha wamisionari, mpakani mwa himaya ya Hispania na nchi za masultani wa kusini. Magofu ya kanisa la mawe huko Banza, yaliyokamatwa na mizizi ya mti mkubwa, ni kumbukumbu ya zama hizo. Makazi yalihamishwa zaidi ya mara moja, na hatimaye habari za wafalme wa kale zikatoweka vichwani mwa watu. Wala hilo halikuwa ajabu, kwani katika shule za mtawala mtoto alifundishwa majina ya wafalme wa Hispania, si jina la Kiling.

Mwaka 1898 Hispania iliiachia Marekani visiwa hivyo kwa dola milioni 20, kama mtu anayeuza shamba pamoja na watu waliomo. Chini ya watawala hao wapya mkoa wa Agusan uliundwa mwaka 1907. Na katika zama hizo hizo, mwaka 1917, mwanamke wa Kimanobo aliokota kando ya mto Wawa, unaoingia Agusan, sanamu ya mwanamke aliyeketi, iliyofuliwa kwa dhahabu yenye uzito wa karibu kilo mbili. Mafuriko ndiyo yaliyoifukua. Wataalamu wanaihesabu kuwa kazi ya karne ya 9 au ya 10, yenye mtindo wa dini za Kihindu na Kibudha zilizoenea wakati huo kutoka India hadi Java. Tangu mwaka 1922 sanamu hiyo imo katika jumba la makumbusho la Field, mjini Chicago. Wafilipino wamedai mara nyingi irudishwe. Kama vitu vingi vya thamani vya Afrika vilivyo London, Paris na Berlin, wajukuu wa waliokiunda chombo hicho hawana budi kuvuka bahari ili wakione.

Baada ya vita vikuu vya pili, na baada ya moto mkubwa wa mwaka 1948 ulioteketeza sehemu kubwa ya makazi, Butuan uliinuka tena kwa utajiri wa aina nyingine. Magogo yaliteremshwa katika mto Agusan hadi viwandani na melini, na mji ukapata jina la Mji wa Mbao wa Kusini. Walitajirika wenye vibali. Misitu ya Wamanobo ikakonda. Mwaka 2011 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya asili, na viwanda vya sasa hutegemea zaidi miti iliyopandwa mashambani. Dhahabu nayo ilirudi kwa sura mpya. Mwaka 1983 maelfu ya watu walikimbilia mlima Diwata, karibu na chanzo cha mto, wakichimba mashimo na kuisafisha dhahabu kwa zebaki, na sumu hiyo ikaingia katika mito inayomwaga maji Agusan. Mto ulioijenga Butuan ya kale kwa dhahabu unabeba leo deni la dhahabu ya sasa, na wanaolilipa ni wavuvi na wakulima wa bondeni.

Hapo ndipo umuhimu wa majahazi ya Libertad unapoonekana. Hayakuokolewa kwa ajili ya watalii peke yao. Walanguzi walipopita kabla ya wataalamu, waliondoka na kauri na dhahabu, na pamoja navyo ikaondoka habari ya mahali kila kitu kilipokuwa kimelala, habari ambayo haiwezi kununuliwa tena kwa fedha yoyote. Chungu kilicho katika kabati la tajiri ni pambo. Chungu hicho hicho, kikipatikana mahali pake kando ya jahazi, ni ukurasa wa kitabu. Ukurasa ukishachanwa, mgeni atakayesema kwamba kitabu hakikuwapo atakuwa vigumu kukanushwa. Mwaka 1987 serikali ilitangaza majahazi hayo kuwa hazina ya utamaduni wa taifa. Moja limehifadhiwa huko huko Libertad, katika jumba lililojengwa mahali lilipofukuliwa.

Wala ufundi wenyewe haukufa. Mwaka 2009, wazalendo wa Ufilipino walipotaka kuunda upya jahazi la namna hiyo, hawakulazimika kwenda kwa maprofesa. Walikwenda kwa mafundi wa Kisama wa visiwa vya Tawi-Tawi, ambao walirithi ujuzi huo kwa baba zao na kuushika mikononi bila ramani. Jahazi lao lilizunguka visiwa vya Ufilipino, na mwaka 2010 likavuka hadi nchi jirani za Asia ya Kusini-Mashariki, kwa tanga, bila injini.

Liko jambo moja zaidi. Kitengo cha chini kabisa cha utawala nchini Ufilipino, kinacholingana na kijiji au mtaa, kinaitwa barangay. Jina hilo ni lile lile la jahazi, kwani watu wa kale waliokaa pamoja chini ya mkuu mmoja walijiita kwa jina la chombo. Wahispania walileta jina lao la barrio. Mwaka 1974 jina hilo la kigeni liliondolewa kwa amri ya serikali na la asili likarudishwa, miaka miwili kabla ya mbao za Libertad kuonekana. Mji wa Butuan peke yake una barangay 86. Kila mkazi wake anapoandika anwani yake, awe amesoma historia au hakusoma, anataja jahazi. Kwa hiyo swali la historia ya nchi hiyo ilianzia wapi lilikuwa na jibu muda wote katika vinywa vya wenyewe. Lililobaki lilikuwa kuufukua ushahidi, na sasa kuulinda.